Kiharusi hakingoji asubuhi

Katika miji na vijiji vinavyouzunguka Mlima Kenya, kuanzia Nyeri na Karatina hadi Nanyuki, Kerugoya, Embu, Chuka na Meru, kuna sentensi moja ambayo nimeisikia matangani mara nyingi sana, hata naweza kuikamilisha kabla msemaji hajafika mwisho. Husemwa hivi: alikuwa mzima kabisa, jioni akalalamika kwamba mkono umekufa ganzi, tukamwambia apumzike, na asubuhi tulipomwendea hakuweza kusema. Msemaji huitamka kama mtu anayesimulia mkasa wa radi, jambo lililoshuka kutoka juu bila ilani, nasi wasikilizaji huinamisha vichwa na kuitikia kwamba ndivyo maisha yalivyo.

Mimi sikubali kwamba ndivyo maisha yalivyo. Sentensi hiyo ina kasoro mbili kubwa, na kila moja imewagharimu watu wetu uhai, usemi na nguvu za miguu. Kasoro ya kwanza ni yale maneno "mzima kabisa". Ya pili ni "tukamwambia apumzike". Nayaelekeza makala haya kwa walimu na wanafunzi hasa, maana mara nyingi mwanafunzi ndiye anayekuwa nyumbani na nyanya yake saa za jioni wakati wazazi wangali sokoni au shambani, na mwalimu ndiye mtu ambaye kijiji humwuliza mambo ambayo hakikuyaelewa.

Nianze na ile kasoro ya pili, kwa kuwa ndiyo inayoua kwa haraka.

Ubongo ni kiungo kisicho na ghala. Misuli inaweza kukaa kwa muda bila damu mpya na bado ikapona, lakini ubongo hutegemea damu inayoufikia kila sekunde, ikiuletea oksijeni na sukari. Kiharusi hutokea damu hiyo inapokatizwa katika sehemu fulani ya ubongo. Ama donge la damu huuziba mshipa, na hii ndiyo aina iliyo ya kawaida zaidi, ama mshipa wenyewe hupasuka na damu kumwagika ndani ya kichwa. Mnamo 2006, daktari mmoja wa Marekani alipiga hesabu akakadiria kwamba mshipa mkubwa unapozibwa, chembe za neva zipatazo milioni 1.9 hufa kila dakika. Mwanafunzi wa hisabati na azidishe idadi hiyo kwa dakika zilizopo kati ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili asubuhi, kisha aniambie maana halisi ya neno "apumzike".

Dalili zenyewe si siri wala si ngumu. La kuzingatia kwanza ni kwamba huja ghafla, na kwamba kwa kawaida hushika upande mmoja wa mwili. Mwambie unayemshuku atabasamu: je, upande mmoja wa mdomo umelegea na kushuka? Mwambie anyooshe mikono yote miwili mbele yake, afumbe macho na kuishikilia hivyo: je, mmoja unateremka wenyewe? Mwambie aseme sentensi fupi: je, maneno yanakokotwa kama ya mlevi, au yanatoka shaghalabaghala, au haelewi unachomwambia? Dalili moja tu kati ya hizi inatosha. Zipo nyingine, kama vile jicho moja kupofuka ghafla au kuona vitu viwili viwili, kupepesuka bila sababu, na maumivu makali ya kichwa ambayo mtu hajawahi kuyapata maishani mwake. Baada ya hapo tazama saa, ukaandike ni lini mgonjwa alionekana mzima kwa mara ya mwisho. Hilo ni mojawapo ya maswali ya kwanza ambayo daktari atauliza, na aghalabu hakuna anayeweza kulijibu.

Hapa niongeze jambo ambalo silioni likitajwa katika mabango ya hospitali. Ukimpima mzee usemi wake, mpime kwa lugha aliyonyonya. Ajuza wa Tetu au Mukurwe-ini ambaye Kiswahili chake ni cha kuombea nauli hawezi kupimwa kwa sentensi ya Kiswahili, sembuse ya Kiingereza. Mwulize kwa Kikuyu jina la kitinda mimba wake, au mnyama aliyeko zizini. Vivyo hivyo kwa Kimeru na Kiembu. Anayemjua mtu kwa sauti yake ya kila siku hutambua hitilafu mapema kuliko mgeni mwenye shahada, na ndiyo sababu mjukuu wa darasa la saba anaweza kuwa mpimaji bora kuliko mtu mwingine yeyote pale nyumbani.

Kuna udanganyifu mmoja wa maradhi haya unaohitaji kuangaliwa kwa makini. Pengine uso hupinda, mkono ukafa ganzi, na baada ya robo saa kila kitu kikarudi sawa. Familia humshukuru Mungu, naye mhusika hurejea kuchuma majani chai. Hicho ni kiharusi kidogo: mshipa ulizibwa kisha ukazibuka. Hatari ya kufuatwa na kiharusi kamili huwa kubwa zaidi katika siku chache zinazofuata, na mtu wa aina hiyo anastahili kufikishwa hospitali siku ile ile, ingawa anatembea na kucheka. Natambua ugumu wa kumshawishi mkulima aliyepona apande matatu kwenda kutibiwa ugonjwa ambao hana tena. Lakini hiyo ndiyo nafasi pekee ambayo maradhi haya humpa mtu.

Mwalimu mmoja niliyefahamiana naye, katika shule ambayo sitaitaja, alikuwa akiandika ubaoni chaki ikamponyoka. Aliiokota kwa mkono wa kushoto, akajaribu kuendelea, kisha akaanza kulieleza darasa jambo ambalo wanafunzi hawakulielewa. Baadhi yao walicheka wakidhani anafanya mzaha. Wenzake walimpeleka katika chumba cha walimu, wakampa chai ya moto yenye sukari nyingi, na kwa heshima kubwa wakamsindikiza nyumbani akalale. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya, na chumba kile kilikuwa kimejaa watu wenye vyeti na stashahada. Alifikishwa hospitali kesho yake adhuhuri. Aliishi, ila hakufundisha tena, na binti yake aliyekuwa kidato cha tatu alikosa karibu muhula mzima akimgeuza baba yake kitandani na kumlisha kwa kijiko. Watu huhesabu wagonjwa wa kiharusi, lakini sijaona anayewahesabu mabinti hao.

Ile chai ilikuwa hatari kwa namna yake. Kiharusi huweza kudhoofisha misuli ya koo, na kinywaji kikaingia mapafuni badala ya tumboni. Kwa hiyo mgonjwa asipewe chochote cha kula wala kunywa mpaka apimwe uwezo wake wa kumeza. Asipewe aspirini, kwa sababu hakuna awezaye kujua kwa macho, hata daktari, iwapo mshipa umeziba au umepasuka. Hilo huonyeshwa na picha ya ubongo peke yake, na aspirini kwa aliyepasuka mshipa ni kuongeza maji kwenye mafuriko. Asimezeshwe vidonge vya presha vya jirani, maana kuishusha presha kwa ghafla kunaweza kuunyima ubongo hata ile damu kidogo iliyosalia. Aliyezimia alazwe ubavu ili matapishi yasimpalie. Halafu gari litafutwe.

Najua pingamizi litakalotolewa, na si la kupuuzwa. Msomaji wa Kieni au wa Tharaka ataniuliza faida ya kukimbia ni gani ikiwa hospitali ya karibu haina mashine ya kupiga picha ya ubongo, wala dawa ya kuyeyusha donge la damu. Ni kweli kwamba dawa hiyo, iliyothibitishwa na utafiti wa Marekani mnamo 1995 kuwa inafaa ikitolewa ndani ya saa tatu, na baadaye mnamo 2008 na utafiti wa Ulaya kuwa bado inafaa hadi saa nne na nusu, ni ghali na haipatikani kila mahali. Hata hivyo matibabu ya kiharusi si dawa hiyo peke yake. Hospitalini mgonjwa hupimwa sukari, kwa kuwa sukari ikishuka mno huweza kuiga kiharusi na hurekebishwa kwa dakika chache. Hulindwa asipatwe na nimonia, presha yake huangaliwa kwa uangalifu, mapigo ya moyo wake huchunguzwa, na mazoezi ya viungo huanzishwa mapema. Imethibitishwa katika nchi nyingi kwamba uuguzi wa namna hiyo, katika wodi yenye watu waliofunzwa kuhudumia kiharusi, hupunguza vifo na ulemavu.

Kwa hiyo ushauri wangu ni kwamba kila nyumba na kila shule iulizie mapema, wakati kila mtu ni mzima, hospitali ipi iliyo karibu inapiga picha ya ubongo usiku na mchana. Swali hilo likiulizwa saa tano usiku, mgonjwa akiwa sakafuni, huzaa safari ya hospitali tatu. Simu ipigwe kabla ya kuondoka. Na wenye magari vijijini wajulikane kwa majina na namba zao, kama wanavyojulikana wachimba makaburi.

Wapo pia wanaochelewa si kwa kukosa gari bali kwa kumtafuta mchawi. Mtu aliyelala mzima akaamka amepooza upande mmoja huonekana amerogwa, hasa kama alikuwa na kesi ya shamba na ndugu yake. Sipendi kuwacheka watu hao. Watafiti waliowahoji watu wa Dar es Salaam na wa wilaya ya Hai nchini Tanzania waliikuta imani ya mashetani na uchawi pia, tena mjini kuliko wengi walivyotarajia, na mgonjwa akapitishwa kwa mganga kabla ya kufikishwa kwa daktari. Hai iko kwenye miteremko ya Kilimanjaro, nchi ya kahawa na migomba, na watu wake wangejiona nyumbani kabisa wakifika Karatina. Utafiti uliofanywa katika maeneo hayo mawili kati ya 2003 na 2006 ulipata, baada ya kusawazisha tofauti za umri, visa vipya 108.6 vya kiharusi kwa kila watu 100,000 kwa mwaka huko Hai, na 315.9 Dar es Salaam. Kiwango hicho cha Dar es Salaam kilikuwa miongoni mwa vya juu kabisa vilivyowahi kuandikwa duniani. Ule usemi kwamba kiharusi ni ugonjwa wa Wazungu na wazee wenye mali umezikwa na takwimu hizo. Na barani Afrika maradhi haya huwashika watu wakiwa na umri mdogo kuliko huko Ulaya, wakiwa bado wanalipa karo.

Sasa niirudie kasoro ya kwanza, yale maneno "alikuwa mzima kabisa".

Aghalabu hakuwa mzima. Hakuwa amepimwa. Uchunguzi wa kitaifa uliofanywa nchini Kenya mnamo 2015 ulionyesha kwamba karibu robo ya watu wazima walikuwa na shinikizo la juu la damu, na kwamba zaidi ya nusu ya watu wazima hawakuwa wamewahi kupimwa shinikizo hilo hata siku moja. Utafiti mwingine mkubwa, uliofanywa katika nchi nyingi na kutangazwa mnamo 2010 na tena 2016, ulihitimisha kwamba mambo kumi yanayoweza kurekebishwa yanahusika na takriban asilimia 90 ya viharusi vyote, na la kwanza kati ya hayo ni shinikizo la damu. Presha haiumi. Mtu anaweza kuishi nayo miaka kumi akilima, akifundisha na akiimba kwaya, huku mishipa yake ikichakaa kimyakimya. Wanaosema kwamba wangeijua kwa maumivu ya kichwa wanajidanganya.

Nyeri haiwezi kusema haikuambiwa. Serikali ilipochagua kaunti nne za kufanyia majaribio ya mpango wa afya kwa wote mnamo Desemba 2018, Kisumu ilichaguliwa kwa mzigo wake wa magonjwa ya kuambukiza, Machakos kwa majeruhi wa ajali, Isiolo kwa vifo vya akina mama wazazi na maisha ya kuhamahama, na Nyeri ilichaguliwa kwa sababu ya magonjwa yasiyoambukiza, kisukari na shinikizo la damu yakiwa mbele. Ile haikuwa sifa ya kujivunia, lakini ilipokewa kwa vigelegele kwa kuwa ilikuja na matibabu ya bure. Majaribio yakamalizika. Presha ikabaki.

Mengine yanayoalika kiharusi yanajulikana, nami nitayapitia upesi: kisukari, mapigo ya moyo yasiyo na mpango, sigara, pombe kupita kiasi, unene wa tumbo, na kukaa kitako kutwa nzima kama tukaavyo sisi wa kalamu. Shirika la Afya Duniani linashauri chumvi isiyozidi gramu 5 kwa siku, yaani isiyojaa kijiko cha chai, hali sisi huitia jikoni, tukaitia tena mezani, na nyama choma ikaletwa na kilima cha chumvi kando ya kachumbari. Kuhusu miraa ya Igembe na muguka wa Embu najua naingia katika biashara za watu. Hata hivyo majani hayo hupandisha presha na kasi ya moyo, na mwenye presha anayetafuna usiku kucha anajiwekea mzigo juu ya mzigo. Hilo halibadiliki kwa kuwa zao hilo limesomesha watoto wengi, nalo kweli limewasomesha.

Mfano mmoja katika historia ya nchi hii haupaswi kusahauliwa na walimu. Kenneth Matiba, mzaliwa wa Murang'a na mmoja wa Waafrika wa kwanza kuisimamia Wizara ya Elimu akiwa Katibu Mkuu, aliwekwa kizuizini bila kufunguliwa mashtaka mnamo Julai 1990 kwa kudai vyama vingi. Mwaka uliofuata, akiwa bado mikononi mwa serikali, alipatwa na kiharusi. Alieleza baadaye kwamba alinyimwa dawa alizohitaji. Aliachiliwa, akatibiwa London, akarudi na kushika nafasi ya pili katika uchaguzi wa urais wa 1992, lakini athari za ugonjwa ule hazikumwacha mpaka alipofariki tarehe 15 Aprili 2018. Mnamo 2017 Mahakama Kuu iliamua kwamba haki zake zilikiukwa, ikaagiza alipwe fidia ya zaidi ya shilingi milioni 500.

Taifa zima lilikubali kwamba kumnyima mtu dawa ni dhuluma. Basi nashangaa jinsi tunavyojinyima wenyewe bila kushitakiwa na yeyote. Mtu hupimwa, hupewa vidonge, huvimeza mwezi mmoja, presha hushuka, naye huviacha kwa hoja kwamba amepona. Dawa ya presha haifanani na ya malaria: inaishikilia presha ikiwa chini, na ukiiacha presha hurudi mahali pake. Wengine huziacha kwa sababu mhubiri fulani amewaombea, wengine kwa sababu jirani amewauzia mizizi. Wapo pia wanaoziacha kwa kukosa pesa, na hao siwalaumu hata kidogo. Lawama hiyo nawaelekezea wanaopanga bajeti za zahanati huku wakijua kwamba vidonge vya mwaka mzima ni rahisi kuliko wiki moja ya kulazwa.

Tufanye nini basi shuleni? Nimewahi kulisema jambo hili mbele ya walimu na nikajibiwa kwamba shule si hospitali na ratiba imejaa. Jibu hilo lina ukweli, ila simwombi mwalimu atibu. Dalili tatu za kiharusi hufundishwa kwa dakika kumi gwarideni, na mtoto aliyemtazama mwenzake akiigiza mdomo uliopinda hatazisahau. Mtaala wa umilisi unawataka wanafunzi watoe huduma kwa jamii. Sijaona huduma inayowafaa zaidi wanafunzi wa sekondari kuliko kwenda kila mmoja nyumbani kwake na kuuliza ni nani hajawahi kupimwa. Nao wahamasishaji wa afya wa vijijini, ambao serikali iliwapa vifaa mnamo Septemba 2023, walikabidhiwa mashine za kupimia presha miongoni mwa vifaa hivyo. Hawahitaji ila kualikwa.

Waalikwe siku ya mkutano wa wazazi. Meza iwekwe kando ya ile ya kuandikisha majina, mzazi akae kwanza dakika tano bila kuzungumza, mkono wake ukiwa umeegemezwa mezani, ndipo apimwe. Atakayeonyesha 140 juu ya 90 au zaidi asitishwe mbele za watu, wala asiambiwe ana ugonjwa kwa kipimo kimoja. Aandikiwe kikaratasi cha kwenda kupimwa tena zahanati, na mwanawe akumbushwe kuuliza wiki inayofuata kama alikwenda. Na kabla ya wazazi kufika, walimu wenyewe waipange foleni yao, mwalimu mkuu akiwa wa kwanza.